Ritifaa, Karani na Dirisha Ibukizi: Historia ya Uandishi wa Kiotomatiki na Tahajia ya Majina ya Kisukuma, kwa Mfano wa Mwamanyili, Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya tabia za kiotomatiki za vihariri matini, yaani kusahihisha, kukamilisha na kupamba maandishi bila mwandishi kuamuru, pamoja na madirisha ibukizi yanayojitokeza kwa muda mfupi mbele yake. Historia hiyo inasomwa kupitia alama moja, ritifaa katika ng', na kupitia jina la mahali pamoja, Mwamanyili. Hoja kuu ni kwamba usahihishaji wa kiotomatiki haukuzaliwa na kompyuta. Karani wa utawala wa kikoloni aliufanya kabla yake, na kwa kanuni ileile: neno geni hubadilishwa pale tu ambapo msahihishaji ana neno lake lililo karibu. Kilicholetwa na kompyuta ni kasi na ukimya. Insha inahitimisha kwamba kwa lugha zenye maandishi machache, chombo kinachopendekeza kina heri kuliko chombo kinachobadilisha.

1.0 Utangulizi

Historia ya maandishi katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kama historia ya watu na taasisi: wamisionari, kamati za lugha, wachapishaji na shule. Vyombo vya kuandikia vimepewa nafasi ndogo, kana kwamba kalamu, taipureta na kompyuta ni mifereji inayopitisha maneno pasipo kuyagusa. Insha hii inashika msimamo tofauti. Kila chombo cha kuandikia kina uamuzi uliojengwa ndani yake kuhusu kipi ni herufi, kipi ni alama tu, na kipi ni kosa. Mwandishi anayekitumia huurithi uamuzi huo hata kama hajawahi kuusikia.

Mahali pa kulionyesha jambo hili ni Mwamanyili, kata iliyomo katika Wilaya ya Busega. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Magu mwaka 2012, mwaka uleule ambao Mkoa wa Simiyu ulianzishwa na makao yake makuu kuwekwa Bariadi. Mabadiliko ya namna hiyo huandamana na kazi kubwa ya maandishi: mihuri, vichwa vya barua, orodha za vijiji, madaftari ya shule na kumbukumbu za zahanati huandikwa upya. Kwa Simiyu, kazi hiyo ilifanyika katika zama za kompyuta. Kwa hiyo majina ya mkoa huu yamepita mikononi mwa wasahihishaji wawili, karani wa kale na programu ya sasa.

2.0 Karani kabla ya mashine: ng'wa- na mwa-

Kati ya Kiswahili na Kisukuma kuna ulinganifu wa sauti unaofuata kanuni. Penye mw- katika Kiswahili, Kisukuma kina ng'w-. Mswahili husema mwana na mwaka. Msukuma husema ng'wana na ng'waka. Majina mengi ya mahali katika Usukuma huanza kwa kiambishi hicho, ambacho mara nyingi hubeba maana ya kwao fulani au mahali pa fulani. Kwa kanuni hiyohiyo, jina linaloandikwa Mwamanyili katika ramani na mihuri lina umbo la Ng'wamanyili katika matamshi ya Kisukuma. Hali ni hiyo kwa majina ya watu pia. Mganga na mtabiri mashuhuri wa Usukuma wa enzi za Wajerumani huandikwa Ng'wanamalundi katika baadhi ya maandishi na Mwanamalundi katika mengine, na wasomaji wa maandishi hayo hulazimika kujua kwamba mtu ni yuleyule.

Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika ngazi za chini za serikali, na Waingereza waliendeleza desturi hiyo. Makarani walioandika orodha za kodi na barua za baraza walifunzwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Wakuu wao nao walikuwa na mazoea yao: Wajerumani waliandika Muansa na Udjidji, ilhali Waingereza waliandika Mwanza na Ujiji. Mji haukuhama wala wenyeji hawakubadili matamshi. Kilichobadilika ni sikio la ofisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karani hakubadilisha kila kitu. Kisukuma kina sauti za puani zisizo na mghuno, ambazo huandikwa kwa kuongeza h. Sauti hizo zimebaki katika Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mhunze ya Kishapu, na katika Ng'hungumalwa ya Kwimba. Kiswahili hakina sauti hizo, kwa hiyo karani hakuwa na cha kuweka badala yake, akaandika alichosikia kadiri alivyoweza. Lakini aliposikia ng'wa-, alikuwa na mwa- yake tayari, iliyo karibu kwa sauti na kwa maana, naye akaiweka. Jina Mwanhuzi linaonyesha matendo yote mawili katika neno moja: mwanzo umesawazishwa, katikati pameachwa.

Hii ndiyo kanuni ambayo insha inaiita kanuni ya ukaribu. Msahihishaji hageuzi kile kilicho kigeni kabisa. Hugeuza kile kinachofanana na chake. Kwa sababu hiyo makosa yake ni magumu kuyaona, maana matokeo yake siku zote ni neno linaloonekana sawa.

Irabu nazo zilipatwa na jambo hilohilo. Kisukuma kina irabu saba, kama ulivyoeleza kwa kina uchunguzi wa fonolojia na mofolojia wa Herman Batibo uliochapishwa Paris mwaka 1985. Kiswahili kina tano. Mwandishi mwenye herufi tano huziunganisha jozi mbili za irabu bila kukusudia, na msomaji asiyejua lugha hana njia ya kuzitenganisha tena.

3.0 Taipureta na ritifaa iliyonyooka

Tahajia ya Kiswahili Sanifu ilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, baada ya lahaja ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Katika tahajia hiyo, sauti ya puani ya ng'ombe na ng'ara inatofautishwa na ng ya ngoma na ngazi kwa ritifaa peke yake. Tofauti hiyo si pambo. Ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi. Ngoa ni wivu au tamaa. Kwa hiyo ritifaa katika ng' ni sehemu ya herufi, wala si alama ya uakifishaji. Hata hivyo, umbo lake limeazimwa kutoka kwenye kapu la alama za uakifishaji, na kuazima huko ndiko kulikoleta matatizo yaliyofuata.

Wapanga herufi wa matbaa walikuwa na alama tofauti za kufungua na kufunga mtajo, zilizopinda kushoto na kulia, na ritifaa yao ilikuwa na umbo la alama ya kufunga. Taipureta haikuwa na nafasi ya vitufe vyote hivyo. Waundaji wake waliziunganisha alama hizo katika kitufe kimoja chenye kijistari kilichonyooka, kilichotumika kufungua, kufunga na kudondosha. Mpatanishi huyo wa vitufe ndiye aliyefika katika ofisi za wilaya na shule za Tanganyika. Kwa mpiga chapa wa ng'ombe alitosha kabisa: alama ni moja na umbo ni moja.

Mwaka 1963 kanuni ya msimbo ya Marekani iitwayo ASCII ilipochapishwa, ilirithi desturi ya taipureta na kuipa ritifaa iliyonyooka nafasi moja tu. Kompyuta za mwanzo zikawa taipureta zenye kumbukumbu.

4.0 Mashine inayosahihisha bila kuulizwa

Usahihishaji wa tahajia kwa kompyuta ulipata msingi wa kihesabu katika miaka ya 1960. Mwaka 1964 Fred Damerau alionyesha kwamba makosa mengi ya uchapaji ni ya aina nne: herufi kuzidi, kupungua, kubadilishwa, au mbili kupishana. Mwaka 1965 Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi, alieleza namna ya kupima umbali kati ya mifuatano miwili ya alama kwa kuhesabu mabadiliko yanayohitajika ili mmoja uwe mwingine. Tangu hapo programu iliweza kupewa neno isilolijua na kulitafutia jirani wa karibu kabisa katika orodha yake. Mtu anayekumbuka habari za karani wa Usukuma ataitambua kanuni hii mara moja. Ukaribu uliokuwa mazoea ya sikio sasa ulikuwa namba.

Kwa miaka mingi kikagua tahajia kilisubiri kuitwa. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1993, programu ya Microsoft Word toleo la 6 ilipotoka ikiwa na usahihishaji wa papo kwa papo. Anayehusishwa na kazi hiyo ni Dean Hachamovitch. Programu ilikuwa tayari na hazina ya vifupisho vilivyofunguliwa kwa kubonyeza kitufe maalumu, naye akaona kwamba kitufe cha nafasi, ambacho mwandishi hukibonyeza baada ya kila neno, kingeweza kufanya kazi hiyo. Teh ikawa the bila mtu kuomba. Ustadi wa wazo hilo ndio pia hatari yake: ruhusa ya mwandishi ilifichwa ndani ya tendo ambalo hawezi kuliepuka.

Programu za aina hiyo zilikuja pia na tabia ya kupinda alama za mtajo. Zilikuwa zinarudisha uzuri wa matbaa uliopotezwa na taipureta. Mwandishi hubonyeza kitufe kilekile kilichonyooka, na programu hukisia: ikiwa alama inafuata nafasi, huipinda kama ya kufungua, ikiwa inafuata herufi, huipinda kama ya kufunga. Kwa Kiingereza ukisio huo hufaulu mara nyingi. Kwa mshairi wa Kiswahili anayeandika 'mefika kwa kudondosha silabi ya kwanza, ukisio hukosea, kwa kuwa ritifaa yake iko mwanzoni mwa neno na hupindwa upande usio wake. Kwa mwandishi wa ng'wana, matokeo yanapendeza machoni, lakini chini ya kioo jambo zito limetokea. Katika mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, ritifaa iliyonyooka ina namba 0027 na alama iliyopinda ya kufunga ina namba 2019. Kwa jicho, ng'wana hizo mbili ni neno moja. Kwa mashine ni maneno mawili. Ukiongeza wachapaji wanaotumia alama ya mkwaju mdogo iliyo pembeni mwa kibodi, yenye namba 0060, maneno huwa matatu.

5.0 Dirisha linalouliza

Sambamba na usahihishaji wa kimya ilikua desturi nyingine. Katika miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, Dan Ingalls na wenzake walijenga mazingira ya Smalltalk, ambamo menyu ibukizi zilianza kutumika. Dirisha la aina hiyo huibuka pale mkono ulipo, hufunika sehemu ya kioo kwa muda, kisha hutoweka na kilichokuwa chini yake hurudishwa kama kilivyokuwa. Sifa yake kubwa ni kutoacha alama: asiyelitaka hulipuuza, na maandishi yake hubaki salama.

Mwaka 1996 Microsoft iliingiza dirisha la namna hiyo katika kihariri cha Visual Basic toleo la 5. Mwandishi wa programu alipoandika nukta, orodha ya machaguo iliibuka, naye alichagua au aliendelea. Mwaka 2006 kihariri cha Vim, toleo la 7, kilipata menyu ibukizi ya kukamilisha maneno ambayo huyakusanya kutoka katika matini ileile inayoandikwa. Vim ina uhusiano wa pekee na eneo la Ziwa Victoria. Mwasisi wake, Mholanzi Bram Moolenaar aliyefariki mwaka 2023, alijitolea kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaigawa programu yake bure huku akiwaomba watumiaji wachangie watoto hao. Ombi hilo huonekana kwenye kioo programu inapofunguliwa na hutoweka mtumiaji anapoanza kuandika.

Tofauti kati ya desturi hizi mbili ni ya kihistoria, si ya kiufundi tu. Usahihishaji wa papo kwa papo humwona mwandishi kama mtu aliyekosea. Dirisha ibukizi humwona kama mtu anayechagua. La kwanza linahitaji kamusi iliyokamilika ili lisidhuru. La pili linaweza kujifunza kutoka kwa mwandishi mwenyewe, hata pale ambapo kamusi haipo.

6.0 Kiswahili ndani ya mashine

Kiswahili kilipata sauti katika mambo haya mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu na madirisha ya Kiswahili. Microsoft nayo ilishughulikia sura ya Kiswahili ya programu zake katika miaka hiyohiyo. Nchini Finland, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa amejenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili juu ya nadharia ya ngazi mbili iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983.

Kazi hiyo ya mofolojia ilikuwa ya lazima. Kikagua tahajia cha Kiingereza kinaweza kuishi kwa orodha ya maneno. Kitenzi cha Kiswahili hakiorodhesheki: kutokana na andika hupatikana aliniandikia, tutawaandikia, waliyoandikiana na maumbo mengine maelfu. Programu isiyojua viambishi hupigia mstari mwekundu sentensi nzima iliyo sahihi, na mwandishi huzoea kuupuuza mstari huo hata unaposema kweli.

Lakini mafanikio ya Kiswahili yaliweka Kisukuma mahali pale kilipokuwa zama za karani. Kikagua tahajia cha Kiswahili kinapokutana na ng'waka, huweza kulihesabu kuwa kosa. Kisukuma, lugha yenye wazungumzaji wa mamilioni, huingia katika kompyuta kwa mlango wa Kiswahili kama ilivyoingia katika daftari la kodi. Anayesahihishwa leo huweza kuwa msahihishaji wa jirani yake.

7.0 Majina na kumbukumbu

Athari ya mambo haya inaonekana wazi zaidi katika majina, kwa kuwa jina halina kamusi ya kulitetea. Mifano mitatu ya kiufundi inatosha.

Kwanza, amri za kukuza herufi ya kwanza. Katika Excel, amri ya PROPER hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Lugha ya Python ina amri inayofanya hivyohivyo, na mwongozo wake wenyewe unatahadharisha kuhusu ritifaa. Orodha ya wanafunzi ikipitishwa humo, Ng'wana hutoka Ng'Wana. Mashine imeamua kwamba jina ni maneno mawili.

Pili, hifadhidata. Katika lugha ya SQL ritifaa iliyonyooka hufunga na kufungua maneno, na mifumo iliyojengwa bila uangalifu huikataa au huiondoa. Ng'wana huwa Ngwana, yaani sauti nyingine.

Tatu, utafutaji. Tasinifu iliyoandikwa kwa ritifaa iliyopinda huenda isipatikane na msomaji anayeandika iliyonyooka. Maandishi yapo, yamehifadhiwa vema, lakini hayaonekani.

Kwa mkazi wa Mwamanyili haya si mambo ya nadharia. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho huandikwa katika ofisi tofauti, kwa programu tofauti, katika miaka tofauti. Majina yakipishana, anayebeba mzigo wa kuthibitisha ni mwenye jina: ndiye anayeandaliwa hati ya kiapo, ndiye anayelipa nauli ya kwenda na kurudi, naye hutakiwa kueleza kosa ambalo hakulitenda na ambalo pengine hakuna mtu aliyelitenda kwa kukusudia. Karani wa zamani angeweza kuulizwa kwa nini aliandika hivyo. Kitufe cha nafasi hakiulizwi.

Tiba ya kiufundi ipo. Unicode ina ritifaa iliyo herufi, yenye namba 02BC, iliyotengwa kwa lugha ambazo alama hiyo ni sehemu ya neno. Wahawaii walifuata njia ya namna hii kwa kuitengea alama yao ya ʻokina namba 02BB. Kikwazo ni kwamba kibodi za kawaida hazina kitufe cha herufi hiyo, na herufi isiyo na kitufe huwa ya wataalamu wachache. Kwa hiyo suala linarudi palepale lilipokuwa wakati wa taipureta: ni alama zipi zinazopewa kitufe, na nani anayeamua.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba jina Mwamanyili lilisahihishwa kiotomatiki kabla ya kuwapo kwa kompyuta, na kwamba kanuni iliyoligeuza ndiyo inayotawala programu za leo: neno huvutwa kuelekea jirani wa karibu aliye na nguvu. Imeonyesha pia kwamba historia ya vihariri matini ina desturi mbili, ya kubadilisha kimya na ya kupendekeza kwa dirisha la muda, na kwamba zote mbili zilikuwapo kwa pamoja. Hakuna sababu ya kiufundi iliyolazimisha ya kwanza itawale uandishi wa majina.

Mwamanyili yenyewe haihitaji kurudishwa katika umbo la Ng'wamanyili. Jina hilo limekwisha kukaa katika mihuri na vinywa, na ni ushahidi wa historia kwa namna lilivyo. Kinachohitajika ni kwa majina ambayo bado yanaandikwa: watoto wanaosajiliwa, vitongoji vinavyoorodheshwa, watu wanaotajwa katika tasinifu. Mwenye kuyaandika ana mambo matatu anayoweza kuyafanya bila kusubiri mradi wowote. Azime usahihishaji wa kiotomatiki na upindaji wa alama anapoandika orodha ya majina. Atumie ritifaa ya aina moja katika kazi nzima na aitaje katika utangulizi wake. Na pale programu inapoweza kujifunza maneno kutoka katika matini, airuhusu ikusanye na kupendekeza, huku neno la mwisho likibaki kwake. Maktaba za vyuo nazo zinaweza kuielekeza mitambo yao ya utafutaji izihesabu ritifaa zote kuwa moja, ili msomaji anayemtafuta Ng'wanamalundi ampate kwa kitufe chochote alichonacho.